Kutangaza Kazi Bila ya Kuifungua Nyumba

Mwanzo wa mwezi wa Shaabani, katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha, tulisomewa waraka wa mama mmoja wa hapa mjini. Mama huyu ana binti aliyekwenda bara kusoma, akamaliza masomo ya hisabu za fedha katika chuo kimoja cha Thika, na sasa amepanga chumba Ruiru pamoja na mwenziwe, hali anatafuta kazi. Na kwa kuwa kazi haikupatikana upesi, binti ameurejea ufundi aliofunzwa na nyanya yake: huwachora hina na piko mabibi arusi, tangu Ruiru mpaka Thika. Kazi yake huitangaza kwa simu, kwa kuweka picha katika mitandao, kama wafanyavyo wenzake wote.

Mwezi wa Rajabu alimchora bibi arusi mmoja wa Thika, akampiga picha, mikono na uso pamoja, akaiweka picha ile ukurasani mwake bila ya kuuliza. Siku tatu hazikupita, picha imekwisha fika Mombasa kwa ami zake bwana arusi, na maneno yakawa mengi. Kaka wa binti ameamrisha ukurasa ule ufungwe kabisa, na binti arudi nyumbani. Mama auliza: je, kaka ana haki? Na ikiwa hana, mwanangu afanye nini apate riziki yake pasi na kuwavunjia watu heshima?

Ndugu msomaji, suala hili tuliona si la nyumba moja. Ni wengi leo wenye mtoto au ndugu katika miji ile, na kila mmoja wao ana ukurasa wake. Kwa hiyo tumeonelea kuliandika jawabu kwa urefu kidogo, lisomwe na wote.

Kwanza yapasa tuelewe hali ya huko. Wazee wetu waliijua Thika kwa mananasi na viwanda, na Ruiru kwa kahawa na kituo chake cha uchunguzi wa buni. Siku hizi ni miji mingine. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 490,120 Ruiru na watu 251,407 Thika. Maana yake ni kuwa Ruiru, ambayo wengi wetu tulikuwa tukiipita garini bila ya kugeuza shingo, imeipita Kisumu kwa wingi wa watu. Barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012 imeiunganisha miji hii na Nairobi. Baina yake kuna Juja na chuo kikuu cha Jomo Kenyatta. Thika kwenyewe kuna Mount Kenya University na chuo cha Sharia ambacho ndicho chimbuko la Umma University. Na kando ya Ruiru umejengwa mji mpya wa Tatu City, wenye viwanda na afisi. Basi vijana wetu wamekwenda huko, wala hatuwezi kuwalaumu, maana elimu na kazi ndiko ziliko.

Lakini liko jambo moja ambalo sisi tulio pwani twalisahau. Hapa kwetu kijana hutangazwa na watu wake. Akitaka kazi dukani au bandarini, ami yake humtaja barazani, na mwenye kazi huuliza, "Ni mtoto wa nani?" Akiambiwa, amekwisha mjua babu yake na tabia za nyumbani kwao. Fundi wa hina naye hutajwa na mama mmoja kwa mama mwingine, na hana haja ya ubao. Ama Ruiru, ukisema mimi ni mwana wa fulani, utaulizwa, "Fulani yupi?" Kule hakuna ami, wala hakuna baraza, wala hakuna anayeijua nyanya yako. Ukurasa wa simuni ndio umeshika mahali pa ami. Anayemwambia kijana aliye Ruiru aufunge ukurasa wake na riziki itamjia, amwambia akae kimya katika mji asiojulikana na mtu.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jawabu ni kuwa kujitangaza kwa ajili ya kazi si aibu, wala si kiburi. Na katika hili tunacho kisa tunachokisoma sote. Nabii Yusuf, alipotolewa gerezani na kukaribishwa na mfalme wa Misri, aliomba mwenyewe awekwe juu ya maghala ya nchi, na akazitaja sifa zake mbili, ya kwamba ni mtunzaji na ni mwenye kujua. Wanazuoni wa tafsiri wamechukua katika kisa hiki kuwa yafaa mtu kuutaja ujuzi wake pale panapokuwa na haja, na palipo na watu wasiomjua.

Ila kitazame kisa vyema, maana ndani yake mna na sehemu ya pili ya jawabu. Yusuf alikuwa na mengi ya kusema siku ile. Alikuwa mtoto wa Nabii na mjukuu wa Nabii. Alikuwa na uzuri uliosifiwa na mji mzima. Alikuwa na nduguze waliomtia kisimani, na mke wa bwana wake aliyemsingizia; na khabari kama hizo, lau zingesimuliwa leo, zingekusanya watu maelfu. Mbele ya mfalme hakuyatumia hayo kujiombea kazi. Alizitaja sifa mbili tu, nazo ndizo zile hasa ambazo kazi ya maghala yazihitaji. Hiki ndicho kipimo tulichokitoa darasani: sema lile ambalo kazi yalihitaji, ulijuze vizuri wala usilifiche, na jingine libaki lako.

Wako wenzetu watakaosema kwamba picha zote zina makatazo toka asili, na kwamba twajenga nyumba juu ya msingi mbovu. Mas'ala ya picha yana darasa lake, nalo ni refu. Sitaki kuyaingiza hapa kwa uani. Hapa twazungumza na mtu ambaye picha keshaipiga.

Nitaeleza kwa mfano wa nyumba, kwa kuwa hakuna watu walioujua mpaka wa nje na ndani kuliko wazee wetu. Itazame nyumba ya mawe ya Lamu au ya mji wa kale wa Mombasa. Mlangoni mna daka, lenye baraza huku na huku; hapo mwenye nyumba huamkiana na watu, hununua na kuuza, na mpita njia hukaa bila ya kuuliza. Mgeni mwenye heshima hutiwa sabule. Akipita hapo, na hapiti ila kwa idhini, ndipo aingie kiwandani, kisha misanani. Na ndani kabisa ndimo mlimo na wake na watoto na mali, na humo hata ndugu hubisha. Kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu ni amri iliyo katika Suratun-Nur, na nyumba zetu zilijengwa kana kwamba fundi alikuwa na sura ile mkononi. Nyumba hizi hazikuwa za watu waliojificha na dunia. Walikuwa ni wafanya biashara, wenye vyombo vya kwenda Hindi na Arabuni, nao waliujua mwambao wote na mwambao ukawajua. Lakini biashara yao ilikaa dakani.

Kosa la vijana wetu ni kwamba simu haina daka. Au tuseme inalo, ila hujengwi mpaka ulijenge mwenyewe. Aliyeitengeneza simu ameiacha milango yote wazi, kwa kuwa biashara yake yeye ni hiyo: kadiri watu wanavyoingia na kutazama ndivyo anavyopata cha kuwauzia wenye matangazo. Tena baraza yenyewe si yako. Instagram na WhatsApp ni mali ya kampuni moja ya Marekani, ile ile yenye Facebook, iliyozinunua mwaka 2012 na mwaka 2014. Na LinkedIn, ukurasa wa watafuta kazi, ni ya Microsoft tangu 2016. Mwaka huo huo wa 2016 ilidhihirika kuwa maneno ya siri ya watu zaidi ya milioni 100 wa LinkedIn, yaliyoibwa mwaka 2012, yalikuwa yakiuzwa. Na mwaka 2018 ulimwengu ulijua ya kuwa khabari za watu hadi milioni 87 wa Facebook zilichukuliwa na kampuni ya Cambridge Analytica, ambayo wakubwa wake walinaswa wakijisifu kuwa waliendesha kampeni za uchaguzi wa Kenya wa 2013 na 2017. Aliyekaa kwenye baraza ya mtu na akumbuke ni ya mtu.

Turudi kwa binti wa hina. Katika picha ile moja palikuwa na mambo matatu yaliyochanganyika, na kaka yake ameyaona yote kuwa ni jambo moja. Lilikuwamo la kwanza, nalo ni kazi ya binti: maua, mistari, na ustadi wa mkono wake. Hilo ni lake, na ana haki kulionyesha dakani. Lilikuwamo la pili, nalo ni mwili na uso wa mtu mwingine. Hilo si lake hata chembe, hata kama rangi iliyo juu yake ameitia yeye. Fundi wa kufuli aliyetengeneza mlango wako hakupata kwa ajili hiyo haki ya kuwaonyesha watu chumba chako. Na la tatu ni khabari za arusi yenyewe, yaani nyumba ya nani, siku gani, na mtaa gani, ambazo zilijulikana kwa pazia na kwa kibao kilichoonekana dirishani. Lau binti angaliitoa picha ya mikono peke yake, baada ya kuuliza, maneno yasingalikuwako.

Hili la kuuliza si adabu peke yake. Ni sheria ya nchi, na yafaa watu wetu waijue, maana twaiona mara nyingi kuwa ni mambo ya mawakili. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu chake cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha, na ndani ya haki hiyo ni kwamba khabari za jamaa zake na za mambo yake ya siri zisidaiwe wala zisifunuliwe pasi na haja. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Data, namba 24 ya mwaka 2019, iliyoanza tarehe 25 Novemba mwaka huo. Picha ya mtu, kwa sheria hii, ni katika khabari zake. Anayezitumia khabari za mtu kwa biashara yampasa apate ridhaa yake. Na mtu akisharidhia, bado anaweza kuirudisha ridhaa yake siku nyingine. Khabari za mtoto zahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria haimwingilii mtu kwa mambo ya nyumbani kwake, mathalan picha za arusi ya ndugu alizoziweka simuni ili azitazame yeye na watu wake. Mpaka huvukwa pale picha inapokuwa ni ya kuvutia wateja.

Tena si sheria ya kabatini. Kamishna wa kwanza wa kusimamia jambo hili, Bi Immaculate Kassait, aliingia kazini Novemba 2020. Mwezi wa Disemba 2022 kampuni ya simu ya Oppo ilitozwa shilingi milioni 5, kwa sababu picha ya mtu ilitiwa Instagram bila ya ridhaa yake, na kampuni haikufuata ilivyoamrishwa baada ya mashtaka. Septemba 2023 mahali pa starehe Nairobi paitwapo Casa Vera palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuitangaza picha ya mteja aliyekuwa amekaa tu. Na siku zile zile Roma School, iliyoko Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuziweka picha za watoto wadogo bila ya idhini ya wazazi.

Hili la mwisho na walisikie walimu wa madrasa zetu. Kila Maulidi, na kila siku ya kuwapa watoto zawadi, twaona sura za watoto, na majina yao kamili, na jina la madrasa, na wakati mwingine jina la baba, vimetiwa mitandaoni ili madrasa ijulikane na wafadhili wavutike. Nia ni njema, sikatai. Lakini mtoto wa miaka saba hakuulizwa, wala mamake hakuulizwa, na asiyejulikana aliye mbali sasa ajua mtoto huyu aitwa nani na jioni yuko wapi. Nilipolisema hili darasani, mwalimu mmoja aliudhika kidogo. Baadaye alikuja kuniuliza namna ya kuandika karatasi ya idhini, na tukaiandika pamoja. Haikuzidi mistari sita.

Atasema mtu: sheria hii ni ya makampuni makubwa, binti wa hina yamhusuje? Yamhusu. Kanuni za mwaka 2021 zimemwondolea mfanya biashara mdogo sharti la kujiandikisha, ikiwa mapato yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na watumishi wake hawafiki kumi, na kazi yake si katika zile zilizotajwa mahsusi. Hazikumwondolea wajibu wa kuuliza. Na aliyepatwa na madhara aweza kudai fidia. Vile vile bibi arusi yule, lau angetaka, angelipeleka shitaka lake kwa Kamishna kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria imeweka siku 90 uchunguzi wake uwe umekwisha.

Mpaka hapa tumesema juu ya siri za wengine. Iko na siri ya binti mwenyewe, na hii ndiyo iliyonitia khofu zaidi nilipokutana naye.

Nilikuwa na safari ya Thika mwezi ule ule wa Shaabani kwa shughuli ya jamaa, na nikapita Ruiru nikamkuta binti pamoja na mamake aliyekuwa amekwenda kumtazama. Nilimwomba anionyeshe ukurasa wake kama auonavyo mtu asiyemjua. Alikuwa hajapata kuutazama hivyo. Tukaona nambari yake ya simu, ile ile anayotumia kwa watu wa nyumbani na kwa M-Pesa. Tukaona picha ya shahada yake, na nambari ya usajili imesomeka. Tukaona siku yake ya kuzaliwa, kwa kuwa wenziwe walimpongeza. Tukaona lango la jumba analokaa, na jina lake limeandikwa juu, katika picha aliyoipiga siku ya kuhamia. Na tukaona maneno yake mwenyewe kwamba hurudi saa tatu za usiku, Jumamosi, akitoka kazini.

"Ami," aliniambia, "kila kimoja nilikiweka siku yake. Sikujua kuwa mtu anaweza kuvikusanya."

Naam, mwizi kazi yake ni kukusanya. Kwa jina kamili, nambari ya kitambulisho na siku ya kuzaliwa, wako watu waliokwenda kujidai kuwa wao ndio wenye simu, wakapewa laini mpya yenye nambari ile ile. Na tangu hapo kila ujumbe wa benki na wa M-Pesa huwajia wao. Tena wako wale wanaotangaza kazi zisizokuwako. Hujitia kuwa ni afisi ya kuajiri, huomba picha ya kitambulisho pande zote mbili, nambari ya KRA, na shilingi kidogo "za kuandikisha." Mwajiri wa kweli huhitaji nambari hizo siku ya kukuajiri, na hakuulizi fedha. Kijana aliyekaa miezi minane bila ya kazi huwa hana moyo wa kushuku, na hilo wao walijua.

Basi tulikaa pale pamoja na mama yule, mpaka chai ikapoa, tukamjengea daka. Nitayaeleza tuliyoyafanya kwa kuwa wengi wataweza kuyafanya.

Alinunua laini ya pili kwa ajili ya kazi peke yake, akaitia katika WhatsApp ya biashara, iliyo mbali na ile ya nyumbani. Sababu yake wengi hawaijui: ukimpa mteja nambari yako, naye akaihifadhi na wewe ukaihifadhi yake, ataona kila unachokiweka katika stetasi yako, isipokuwa umemzuia. Mwanamke aliyemchora hina mara moja miaka miwili iliyopita alikuwa akiona mpaka leo picha za nyanya yake binti akiwa mgonjwa kitandani. Malipo yakahamishwa kwenye nambari ya Lipa na M-Pesa ya biashara, mteja asipate haja ya ile ya kwake. Picha ya lango na ya shahada zikaondolewa. Mahali pake pa kazi pakaandikwa "Ruiru na Thika, huja ulipo," wala si jina la jumba.

Kisha tukautenga ukurasa wa hina na ukurasa wa hisabu. Katika LinkedIn tuliandika masomo yake, mwaka aliomaliza, programu za hisabu anazozijua, na ile miezi mitatu aliyofanya mazoezi katika duka moja la jumla, na hapo nikamshika asione haya: alikuwa ameandika kuwa "alisaidia," hali yeye ndiye aliyekuwa akifunga hisabu za kila jioni. Kuficha ujuzi nako ni kosa, na watoto wetu wa kike hulikosa zaidi. Mamake Waumini, Bi Khadija, alikuwa na mali ya biashara na watu aliowaajiri, na jina lake lilijulikana Makka kabla ya kujulikana kwa jingine lolote. Picha ya kichwani aliiweka ya kitambaa na uso, kwa kutaka kwake; angeweza kuiacha, ila aliona waajiri wa huko hawaitiki ukurasa usio na sura, na mimi sikuwa na la kumpinga.

Liko jambo moja dogo la LinkedIn ambalo lawapata walio kazini tayari, khasa hawa waliomo katika afisi za Tatu City na viwanda vya Thika. Mtu akitaka kujulisha kuwa atafuta kazi nyingine, aweza kuwajulisha wote, au wenye kuajiri peke yao. Akiwajulisha wote, bwana wake wa sasa ni mmoja wao. Na hata akichagua njia ya pili, kampuni yenyewe yasema yajaribu kumficha kwa waajiri wa pale alipo lakini haiwezi kudhamini.

Sasa tumjibu kaka. Hakukosea kuona haya, wala hakukosea kumhurumia ndugu yake. Amekosea katika hukumu. Lililomuudhi ni uso wa mwanamke mwingine ulioonekana bila ya idhini. Akataka kulitengeneza kwa kukata riziki ya dada yake, ambaye kwa kazi hiyo alilipa kodi ya miezi mitano na akamletea mamake dawa. Yeye mwenyewe, nimeonyeshwa, ana ukurasa wenye picha za watoto wa dada yake mwingine wakiogelea. Darasani wako waliocheka nilipolitaja, nami sikulitaja ili wacheke.

Palizuka mjadala juu ya idhini ni ya nani. Mzee mmoja alisema iombwe kwa mume. Wengine wakasema iombwe kwa mama wa bibi arusi, maana ndiye aliyemwita fundi na kumlipa. Rai yangu ni kwamba idhini ni ya mwenye mikono. Sheria nayo yasema hivyo, kwamba ridhaa ni ya yule ambaye khabari ni zake. Mume na mama wana haki ya kushauriwa naye, na mwanamke mwenye busara huwashauri. Lakini fundi akishaambiwa "la" na mwenyewe, "naam" ya ukumbi mzima haimfalii kitu. Na aulizwe mapema, kabla ya hina kutiwa, wala si pale ameketi mikono imeloa na wageni wamemzunguka, ambapo kukataa ni shida. Mzee hakukubali, na suala limewekwa.

Ama binti, kabla ya Shaabani kwisha alikwenda Thika na mamake kumtaka radhi bibi arusi. Picha alikuwa ameiondoa zamani, ila ilikwisha tembea katika makundi ya WhatsApp, na hilo halina dawa. Alilisema wazi, hakujitetea. Bibi arusi alimsikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akamwambia, "Mikono mimi mwenyewe niliipenda. Uso wangu ndio ungeniuliza." Akampa idhini airudishe picha ya mikono, kwa masharti mawili: pete isionekane, na zile herufi mbili za jina la mumewe zilizofichwa ndani ya maua, katika kitanga cha kulia, zifutwe. Picha sasa iko ukurasani, imekatwa juu ya kifundo cha mkono, na mahali pa herufi pametiwa ua. Ukurasa wa hisabu bado haujamletea kitu. Wa hina umemletea arusi mbili za Shawwal, moja Juja na moja Thika, na kila mmoja wa mabibi arusi hao amekwisha ulizwa.